Sarafu Nzuri Yataka Msanii na Fundi

Wako wasemao kwamba sarafu ni sarafu tu, mradi inunue sukari. Mimi nakataa. Sarafu ni kazi ya sanaa ambayo taifa humtia kila mwananchi mkononi, awe tajiri au mchuuzi wa ndizi. Ushahidi wangu nautoa Marekani, katika dhahabu ya dola 20 iliyoanza kutolewa mwaka 1907.

Rais Theodore Roosevelt aliziona sarafu za nchi yake kuwa hazina haiba. Alizipenda za Wagiriki wa kale, ambazo michoro yake imeinuka. Akamwita mchongaji mashuhuri, Augustus Saint-Gaudens. Huyu akamchonga mwanamke, ndiye Uhuru, akija kwa hatua ndefu, mkononi mwenge na tawi la mzeituni. Upande wa pili akamrusha tai juu ya miale ya jua.

Hapo ugomvi ukazuka. Charles Barber, mkuu wa wachongaji katika kiwanda cha sarafu cha Philadelphia, alisema kazi hiyo haifai. Michoro iliinuka mno, hata sarafu za majaribio zikahitaji kugongwa na mashine mara kadhaa, hadi mara tisa, badala ya mara moja. Tena zikipangwa mafungu, haziketi. Saint-Gaudens alifariki Agosti 1907, sarafu yake haijafika kwa watu. Mwisho wa mwaka huo zilitoka 12,000 na kitu zenye michoro iliyoinuka, kisha Barber akaishusha michoro na mashine zikaenda.

Je, nani alikuwa na haki? Wapenzi wa sanaa humlaani Barber. Mimi simlaani. Sarafu isiyopangika kwenye kaunta ya benki ni pambo la kabatini. Lakini pasipo yule msanii, fundi angetoa kipande cha dhahabu kisichokumbukwa na mtu. Hata baada ya kushushwa, mwanamke yule bado anatembea. Dhahabu iliyomo haifiki wakia moja, lakini wakusanyaji huilipia zaidi ya uzito wake. Mwaka 2009 Marekani waliitoa upya, michoro imeinuka kama alivyotaka mwenyewe.

Kwetu Kenya, Katiba ya 2010 ilikataza sura ya mtu katika pesa. Desemba 2018 zikaja sarafu za twiga, kifaru, simba na ndovu. Ni vizuri. Lakini muulize mpita njia ni nani aliyemchora simba huyo, uone kama atakujibu. Na hali wachongaji wa Wamunyu na wa mawe ya Tabaka wanasifiwa hata ng'ambo!

Siku sarafu nyingine itakapotungwa, waitwe mapema, wakae meza moja na fundi wa mashine. Na wabishane hasa. Heri ugomvi wa mezani kuliko sarafu isiyotazamwa na mtu mara ya pili.