Ndege yako ya kwanza: usianze na mota

Kila wiki napata meseji ile ile: "Bro, ninunue mota gani?" Mtu hajachagua ndege, hajui atairushia wapi, lakini skrinshoti ya mota tayari anayo. Wacha niseme wazi, mkasirike msikasirike: ukianza na mota, umeanzia mwisho.

Najua juu mimi mwenyewe nilianza hivyo. Pesa yangu ya kwanza ya kuedit video za harusi niliimaliza yote kwenye kindege cha povu cha mabawa mafupi na mota ya KV 2200. Nilidhani namba kubwa ndiyo nzuri. Nikakipeleka ufukweni hapa Diani saa kumi jioni, mdogo wangu na wenzake nyuma yangu. Kiliruka fresh kabisa. Kikageuka kikaja upande wetu, na ndege ikija kwako kushoto kwake ni kulia kwako. Video nzima ni sekunde 9. Sehemu ambayo sijawahi kuposti ni hii: kilijikita kwenye mchanga hatua mbili kutoka kwa mdogo wangu. Pesa niliisahau. Zile hatua mbili bado.

Sasa tupige hesabu, si ngumu. KV ni mizunguko ya mota kwa dakika kwa kila volti moja, kabla hujaifunga kitu. Betri ya seli 3 ni volti 11.1. Kwa hiyo KV 2200 inakupa kama mizunguko 24,000, na KV 1000 inakupa kama 11,000. Ukifunga propela, namba zinashuka.

Propela nayo ina namba mbili. 6x4 maana yake ina urefu wa inchi 6 kutoka ncha hadi ncha, na kila mzunguko ingesonga mbele inchi 4, kama skrubu kwenye mbao. Tuseme mota yangu ilibaki na mizunguko 18,000: hiyo ni kama kilomita 110 kwa saa kwa hesabu ya karatasi. Chukua KV 1000 na propela ya 10x4.5, tuseme mizunguko 7,500: kama kilomita 51. Angani ndege huenda chini ya hapo, lakini tofauti umeiona. Ukiganda sekunde 2 ukijiuliza kushoto ni wapi, ya kwanza imekula mita 60. Ya pili, 28. Hizo mita ndizo unazonunua, bana.

Mpangilio wangu ni huu: bawa, propela, mota, betri.

Bawa: chagua ndege yenye bawa juu ya mwili, ncha zikiwa zimeinuka kidogo, urefu wa mita 1 hadi 1.4, uzito chini ya kilo. Ukiachia vijiti vya rimoti, ndege ya hivyo hujaribu kujinyoosha yenyewe. Povu la EPP linabonyea na kurudi. Lile jeupe la kufungia TV linamegeka kama mkate mkavu. Jengea mazoezi, lakini usitegemee pua yake.

Propela: kama unaweza, tafuta ndege yenye propela nyuma. Ukianguka na pua, na utaanguka, propela inapona. Na usiniambie hiyo ni ya watoto. Zanzibar walipoanza mwaka 2016 kupiga picha za Unguja na Pemba kutoka angani ili kutengeneza ramani, wanafunzi wa chuo cha SUZA walifundishwa kurusha eBee. Ni ndege ya povu, bawa sentimita 96, uzito chini ya kilo, propela nyuma, inatua kwa tumbo. Ramani ya visiwa viwili imefanywa na povu. Hakuna aliyeuliza mbona haina moto.

Mota: sasa ndiyo uulize. Kwa ndege ya kujifunzia, wati 200 kwa kilo moja zinatosha. Ndege ya gramu 700 inahitaji kama wati 140. Gawanya kwa volti 11.1, unapata kama ampea 13. Kwa hiyo mota aina ya 2212 ya KV 1000 na kontrola ya ampea 30 zitafanya kazi bila kutoka jasho. Ila usije ukachukua mota ya KV 2200 ukaifunga propela ya inchi 10 ati upate nguvu. Itavuta ampea hadi kontrola itoe moshi. Pesa ikibaki, nunua propela za akiba, tano au sita. Mota kubwa haitakusaidia siku propela ikivunjika na huna nyingine.

Mahali pia ni sehemu ya bajeti. Watu wanapanda ndege kutoka Ulaya kuja Galu kufuata upepo wa kite. Mahali watu wanafuata upepo, kindege cha gramu 700 kinatafuta nini? Ukirusha, rusha asubuhi mapema, hasa msimu wa kusi, kwenye nyasi, sio kwenye mchanga unaoingia ndani ya mota. Na kiwanja cha ndege cha Ukunda kiko katikati yetu. Zile ndege zinazoshuka juu ya mapaa zina watu ndani. Kanuni za KCAA za vyombo visivyo na rubani ziko tangu 2020. Zisome, uliza, kisha tafuta uwanja mbali na hapo, pande za Msambweni.

Kuna atakayesema ndege ya polepole haileti views. Sawa. Lakini ya kwangu ya sasa ina miezi minane na ni ile ile. Mdogo wangu ndiye anayeirusha kuniliko. Sheria yetu ni moja: wote wanasimama nyuma ya mwenye rimoti, na hakuna anayekimbilia ndege kabla propela haijasimama.

Kwa hiyo ukinitumia meseji, usinitumie mota. Nitumie bawa, na uniambie nani atakuwa amesimama karibu yako.