Heshima Iliyocheleweshwa

Wako watu wasemao ya kuwa nishani ni kipande cha madini tu, na ya kuwa shujaa hapungui kwa kunyimwa. Neno hili lapendeza masikioni, lakini silo kweli. Ushahidi wangu ni Sajini Ruben Rivers, Mmarekani mweusi, mwenyeji wa Oklahoma.

Rivers alipigana katika kikosi cha vifaru cha 761, kikosi cha askari weusi, maana siku zile jeshi la Marekani liliwatenga weusi na weupe. Novemba 1944, huko Ufaransa, alishuka kifaruni katikati ya risasi akaondoa mti uliozibishwa njiani. Kwa tendo hilo alipewa Nyota ya Fedha. Tarehe 16 ya mwezi ule, karibu na Guebling, kifaru chake kilikanyaga bomu lililofukiwa, akajeruhiwa mguu hata mfupa ukaonekana. Akakataa dawa ya kutuliza maumivu, akakataa kurudishwa nyuma, akaingia kifaru kingine akaendelea kupigana. Tarehe 19 adui waliwapiga kwa mizinga, ikatoka amri ya kurudi nyuma. Rivers alikwisha kuona mizinga ile ilipo. Akabaki akiipiga ili wenziwe wapate kuondoka. Kifaru chake kikapigwa, naye akafa.

Kapteni wake, David Williams, mzungu, aliomba apewe Nishani ya Heshima, iliyo kubwa kuliko zote. Hakupewa. Wala katika vita ile yote, hata ilipokwisha mwaka 1945, hakuna mweusi hata mmoja aliyepewa nishani hiyo. Je, tuamini ya kuwa kati ya maelfu yale hakuwako aliyestahili?

Mwaka 1997 Rais Bill Clinton aliwatunukia weusi saba. Sita walikuwa wamekwisha kufa, na Rivers ni mmoja wao. Atakayeuita huo ukarimu, mimi nampinga. Kulipa deni baada ya miaka 52 si ukarimu. Wazee walisema, Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Amnyimaye mtu heshima aliyoistahili hamdhulumu marehemu peke yake. Awadanganya na walio hai. Maana watoto husoma majina ya mashujaa, na wasipoona jina la mtu wa kwao, hudhani ya kuwa hakuwako.

Basi, ndugu msomaji, usikubali kuambiwa ya kuwa nishani ni madini tu. Kama ni madini tu, mbona ilikuwa vigumu kumpa?