Ukibadili gari, badili na mguu

Wahenga walinena kwamba kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Sisi tuliozaliwa Ukambani twaielewa methali hii bila ya kufafanuliwa, maana maisha yetu yamejengwa juu ya kungojea mvua. Hata hivyo, ni wachache wajuao kwamba kilimia hicho hicho hupita mbele ya nyumba zao kila siku kikitoa moshi. Neno Subaru, katika Kijapani, ni jina la kundi lile la nyota ambalo sisi huliita kilimia, na nyota zenyewe zimechorwa katika nembo iliyo mbele ya gari. Nimeanza na neno hili kwa kuwa mimi ni mwalimu wa isimu, na mtu wa kazi yangu hawezi kulipita neno bila ya kuliuliza litokako. Lakini leo nataka kuzungumza na walimu wenzangu na wanafunzi wetu kuhusu jambo lililonipata mimi mwenyewe barabarani, na ambalo nisingependa limpate mwingine.

Mdogo wangu alipopata kazi Muscat aliniachia gari lake nilitunze Kitui. Ni Subaru Impreza WRX, gari la milango minne lenye tabo. Nina pia rafiki niliyesoma naye, ambaye sasa anafundisha fizikia katika shule moja ya upili kaunti ya Makueni. Yeye ana Mazda MX-5 kuukuu, gari la watu wawili lenye paa la turubai la kukunjwa, ambalo aliuziwa na mgeni mmoja aliyekuwa akirejea kwao. Likizo ya Agosti iliyopita jamaa zake walikuwa na shughuli ya posa, na posa haiendewi kwa gari la viti viwili. "Daktari," akaniambia, "nipe gari la watu, nami nikupe la mtu." Tukabadilishana funguo kwa majuma mawili.

Kwa asiyeyajua magari haya, inafaa niyaeleze kwa ufupi. Impreza WRX ilitolewa Japani mwaka 1992, ikiwa na injini ya lita mbili na nguvu za farasi 240. Tabo ni kifaa kidogo kinachozungushwa na moshi wa injini yenyewe, nacho huisukumia injini hewa nyingi kuliko ile ambayo ingeivuta kwa pumzi zake. Hewa ikizidi, mafuta huzidi, na nguvu huzidi. Nguvu hizo hugawanywa kwa magurudumu yote manne. Sisi tuliokuwa wanafunzi katika miaka ya 1990 hatukuhitaji kuelezwa haya. Patrick Njiru alikuwa akiliendesha Subaru katika Safari Rally, na mwaka 1997 Colin McRae akayashinda mashindano hayo kwa Impreza. Kila mvulana kijijini alikuwa na tairi lake la baiskeli, fimbo, na kinywa cha kuigiza mlio wa injini ile.

MX-5 nayo ilionyeshwa mara ya kwanza Chicago mwaka 1989. Waliobuni gari hili waliyatazama yale magari mepesi ya Waingereza ya miaka ya 1960, wakakusudia kulirudisha umbo lake bila ya ubovu wake. Injini ya kwanza ilikuwa ya lita 1.6, isiyo na tabo, yenye takriban nusu ya nguvu za Subaru. Inasukuma magurudumu ya nyuma tu, na uzani wa gari zima haukufika tani moja. Wajapani wana msemo waliouchagua kuwa dira ya kazi hiyo, maana yake mtu na farasi kuwa mwili mmoja. Niliusoma msemo huo nikadhani ni maneno ya wauzaji. Sasa naamini walisema kweli.

Siku ya kwanza niliiendesha Mazda vibaya mno. Karibu na Sultan Hamud, katika Barabara ya Mombasa, nilitoka nyuma ya lori ili nilipite kama nilivyozoea. Nikakanyaga mafuta, nikangoja ile nguvu ambayo hukawia kidogo kisha ikaja kwa kishindo. Haikuja. Gari lilinguruma kwa bidii zake zote, lakini lori likabaki ubavuni mwangu, na mbele kulikuwa na basi linalokuja. Nikarudi nyuma ya lori nikiwa nimelowa jasho. Mguu wangu ulikuwa umesema maneno ya Kisubaru kwa gari lisilojua lugha hiyo.

Wanafunzi wa isimu watalitambua jambo hili. Uriel Weinreich, katika kitabu chake cha mwaka 1953 kuhusu lugha zinazokutana, alichunguza namna mazoea ya lugha moja yanavyojipenyeza katika matumizi ya nyingine. Mtoto wa Mutomo aliyekulia Kikamba, lugha ambayo sauti b, d na g huandamana na king'ong'o, atapanda "mbasi" na kumeza "ndawa" akija darasani kusema Kiswahili. Si mjinga mtoto huyo. Kinywa chake kimefanya kile kilichokuwa sahihi jana. Tena kosa la aina hii hukomaa pale ambapo mambo mawili yanafanana. Mtu akitoka katika gari dogo akapanda trekta, huwa macho kwa kuwa kila kitu ni kigeni. Lakini Subaru na Mazda zote zina usukani upande wa kulia, klachi, breki na gia; mguu hudhani umekaa nyumbani. Tofauti kubwa humwamsha mtu, na ufanano humlaza.

Baada ya siku tatu nne nikaanza kujifunza. Katika gari dogo sharti uifikirie kona kabla hujaifikia, uchague gia mapema, na uutunze mwendo ulio nao kama mkulima wa Kibwezi anavyoyatunza maji, maana ukiupoteza haurudi upesi. Nilizipanda kona za vilima vya Kilungu kuelekea Nunguni paa likiwa limekunjwa, harufu ya mikaratusi ikiniingia puani, nikiwa na furaha ya mwanafunzi aliyefunga shule. Nilipoutazama mshale, ulikuwa kwenye kilomita 50 kwa saa. Upepo masikioni, injini inayolia, barabara inayopita karibu na makalio: vyote hivyo vilinipa habari kamili ya mwendo wangu. Nililizoea gari lile, nami bila ya kujua nikawa nimeyafundisha masikio yangu yapime kasi badala ya macho.

Majuma mawili yakaisha. Tukakutana Wote, tukarudishiana funguo. Nilikuwa na shangazi yangu wa kumshusha Kibwezi, kwa hivyo nikaamua kuizunguka njia ya Makindu na Kibwezi, kisha niende Kitui kupitia Ikutha na Mutomo. Shangazi alilisifu gari. "Mwanangu," akasema, "gari hili limelala." Alimaanisha kwamba lilikuwa tulivu, halimtikisi mifupa. Nami nikacheka, sikutia maanani. Naam, gari lilikuwa limelala, na mimi nilikuwa nalala nalo.

Nilipomshusha shangazi nikaondoka peke yangu. Wanaoijua barabara ile kutoka Kibwezi hadi Kitui watakumbuka kwamba kwa miaka mingi ilikuwa vumbi na mashimo, na kwamba lami imekuja juzi juzi tu. Lami ilikuja, lakini maisha ya kando yake hayakuhama: mbuzi ni wale wale, na punda wa maji ni wale wale. Nilivuka daraja la mto Athi nikiwa na starehe. Masikio yangu, yaliyosomea Mazda, yaliniambia nilikuwa kwenye kilomita 70. Baada ya Ikutha, katika kona moja ndogo, nikamwona mtoto wa kama miaka kumi anavusha punda wawili waliobeba mitungi ya maji. Nikakanyaga breki, na hapo ndipo macho yangu yalipoangukia kwenye mshale. Ulikuwa umepita 110.

Gari lilisimama. Kati ya boneti na punda wa kwanza palikuwa na hatua nne. Nilizihesabu baadaye kwa miguu yangu. Punda hakusogea. Mtungi mmoja ulikuwa umeanguka mtoto alipouvuta mkanda, na maji yalikuwa yakimwagika juu ya lami mpya. Nilishuka, nikamsaidia kuuinua na kuufunga, mikono yangu ikitetemeka kuliko yake. Akaniambia, "Asante, mwalimu." Hakunijua, huko kwetu mtu yeyote mwenye shati la kuchomekea huitwa mwalimu. Lakini neno hilo lilinichoma. Nilikaa ndani ya gari kwa muda mrefu kabla ya kuweza kuendelea na safari.

Jioni nilimpigia rafiki yangu simu nikamweleza. Hakunilaumu, alinipa somo la fizikia. Nguvu iliyomo ndani ya kitu kinachokwenda, alisema, haipandi sambamba na kasi: kasi ikiongezeka maradufu, kutoka 60 hadi 120, nguvu hiyo huwa mara nne, na breki hulazimika kuimaliza yote. Kwa kilomita 120 kwa saa, gari huenda mita 33 kwa kila sekunde, na sekunde moja ndiyo hupotea kabla mguu haujaigusa breki. Kisha akasema jambo ambalo ningependa liandikwe katika kila shule ya udereva: magurudumu manne yanayosukuma humsaidia dereva kuondoka, hayamsaidii kusimama. Magari yote husimama kwa magurudumu manne. Breki hazijui kwamba una tabo.

Wako watakaosema kwamba dawa ni kuyapiga marufuku magari yenye nguvu. Sikubaliani nao. Tumewahi kujaribu kuifunga mashine kamba. Mwaka 2004, sheria za Waziri John Michuki ziliyawekea matatu na mabasi vidhibiti mwendo vya kilomita 80, na vikafanya kazi njema pale vilipoheshimiwa. Lakini kidhibiti huizuia injini, hakimfundishi dereva. Na gari jepesi nalo si malaika: MX-5 ni fupi kiasi kwamba dereva wa lori anaweza asilione, paa lake la turubai halikukingi likipinduka, na mkia wake huteleza upesi kwenye mchanga au mvua ya kwanza baada ya kiangazi. Gari haliwi salama kwa udogo wake, wala haliwi la hatari kwa ukubwa wa injini yake. Hatari yangu mimi ilizaliwa pale nilipohama kutoka moja hadi jingine bila ya kuhama kichwani.

Nalisema hili kwa sababu ya vijana wetu. Wapo wengi wanaojifunza kwa gari dogo bovu la shule ya udereva, na kwa miaka mingi sehemu ya mtihani wa nchi hii ilikuwa kusukuma kigari cha kuchezea juu ya ubao uliochorwa mji. Kijana akifaulu hupewa leseni ya gari dogo, na leseni hiyo haiulizi kama gari lina nguvu za farasi 70 au 240. Mwezi unaofuata binamu yake humpa funguo za Subaru aende harusini Mwingi. Mpwa wangu, aliye chuoni mwaka wa pili, ameshaniomba mara tatu. "Mjomba, mimi najua kuendesha," huniambia. Ni kweli anajua. Anajua lugha moja, naye anadhani amezijua zote.

Kwa hivyo nina maombi machache. Shule za udereva ziwafundishe wanafunzi uzani, kasi na masafa ya kusimama, si alama za barabarani peke yake. Mwalimu wa fizikia wa kidato cha tatu asitafute mifano ya mwendo katika treni za Ulaya ilhali Barabara ya Mombasa inapita hapo nje. Awatoe wanafunzi wapime hatua, wahesabu mita, waone wenyewe. Nasi walimu wa lugha tuache kumcheka mtoto anayesema "mbasi". Tumwonyeshe mahali sauti hiyo inapofaa na mahali isipofaa, ili azoee mapema kwamba kuhama kunahitaji kutua, kusikiliza, na kuanza upya. Mtoto aliyefundishwa hivyo kwa ulimi, huenda akakumbuka hivyo kwa mguu.

Nami mpwa wangu nimemjibu. Nimemwambia tutaanza na Mazda, kwa idhini ya mwenyewe, siku ya Jumapili wakati barabara ni tupu. Akishaweza kuniambia kasi yake bila ya kuutazama mshale, atahamia Subaru. Siku hiyo, kwa kilomita 20 za kwanza, hataruhusiwa kuniambia kasi bila ya kuutazama. Ameona ni masharti ya mzee mwoga. Na awe na maoni yake. Mimi bado nazikumbuka zile hatua nne, na kila nipitapo Ikutha hupunguza mwendo kabla ya kona ile, hata kama hapana punda.