Nyumba ya Seva Ipimwe Siku Umeme Unapokatika

Usiku wa Machi 10, 2021, saa 6.47, moto ulizuka katika jengo moja la ghorofa tano lililoko karibu na mto Rhine, mjini Strasbourg, nchini Ufaransa. Jengo hilo halikuwa ghala la pamba wala kiwanda cha rangi. Ndani yake mlikuwa na kompyuta, maelfu kwa maelfu, mali ya kampuni ya OVHcloud, ambayo kazi yake ni kuwapangisha watu nafasi ya kuweka tovuti zao na kumbukumbu zao. Kulipokucha jengo lote lilikuwa limeteketea, pamoja na sehemu ya jengo la jirani. Hakuna aliyekufa. Lakini kwa hesabu ya kampuni ya Netcraft, tovuti zipatazo milioni 3.6 zilizimika, na miongoni mwake ilikuwamo ile ambayo Serikali ya Ufaransa huitumia kutolea takwimu kwa umma.

Mkasa huo wa mbali unastahili kufikiriwa hapa nchini, kwa sababu siku hizi halmashauri, hospitali, chuo na chama cha akiba na mikopo vimekwisha kuhamishia daftari zao katika mashine za namna hiyo hiyo, na aghalabu wenye daftari hawajui mashine hizo ziko wapi. Wauzaji wa huduma wamezoea kusema kwamba kumbukumbu ziko "kwenye wingu". Neno hilo limepumbaza wengi. Wingu halina anwani, halina bomba la maji, halina mlinzi wala bili ya umeme. Seva inavyo vyote hivyo, na kimoja kikikosekana mwananchi aliyesimama dirishani na hati yake mkononi huambiwa neno moja tu: mtandao haupo.

Taarifa ya zimamoto wa Strasbourg ilieleza mambo ambayo fundi yeyote angeyaona kabla ya moto, laiti angetumwa kuyatazama. Jengo halikuwa na mtambo wa kuzima moto wenyewe. Dari zake zilikuwa za mbao zilizokadiriwa kuhimili moto kwa muda wa saa moja. Hapakuwa na swichi kuu ya nje ya kukata umeme wote kwa mara moja, na askari walipofika walikuta cheche za umeme zenye urefu wa zaidi ya mita moja zikiruka kuzunguka mlango wa chumba cha umeme. Kazi ya kukata umeme ilichukua takriban saa tatu. Zaidi ya hayo, jengo lilikuwa limebuniwa kupoza mashine kwa hewa ya nje iliyoachwa ipande kutoka chini hadi juu. Ubunifu huo ulipunguza gharama za umeme kila siku ya kawaida. Siku ya moto uligeuka kuwa dohani.

Hasara ya mashine, hata hivyo, ilikuwa ndogo ikilinganishwa na hasara ya kumbukumbu. Wako wateja waliokuwa wakilipia nakala ya akiba, wakalala usingizi wakiamini kwamba wamejikinga. Nakala hizo nazo ziliungua. Mteja mmoja alikwenda mahakamani, akaonyesha mkataba uliosema kwamba nakala yake ingetengwa na seva yenyewe, na mwaka 2023 mahakama ya biashara ya Lille ikampa ushindi. Alilipwa fedha. Kumbukumbu hazikurudi.

Wala isidhaniwe kwamba uzembe wa namna hii ni wa makampuni ya watu binafsi peke yake. Korea Kusini ni taifa linalounda simu na kompyuta na kuziuza dunia nzima. Septemba 26, 2025, betri za dharura zilizokuwa zikihamishwa katika kituo cha serikali cha mjini Daejeon zilishika moto, na mifumo ya serikali zaidi ya mia sita ikazimika. Hifadhi ya nyaraka za watumishi wa umma, yenye ukubwa wa terabaiti 858, iliteketea moja kwa moja. Haikuwa na nakala mahali pengine, na sababu iliyotolewa ni kwamba ilikuwa kubwa mno kunakiliwa. Sababu hiyo inashangaza. Kitu kikubwa mno kunakiliwa ndicho kikubwa mno kupotezwa, na gharama ya kukinakili ilipaswa kuhesabiwa siku kilipoanzishwa.

Hapa nchini pana mjadala wa muda mrefu, nao ni kama tovuti na mifumo ya wananchi ihifadhiwe ndani ya nchi au ipangishwe ng'ambo. Wanaopendelea ng'ambo husema bei ni nafuu na umeme haukatiki. Jumapili ya Mei 12, 2024, walipata jibu lao. Mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika upande wa kusini, na intaneti ya Tanzania ikadhoofika kwa siku kadhaa. Seacom ilikuwa tayari imekatika katika Bahari ya Shamu tangu Februari mwaka huo, kwa hiyo njia ya kaskazini nayo ilikuwa finyu. Mfanyabiashara wa Kariakoo ambaye tovuti yake iko Ulaya hakuweza kumfikia mteja wake wa Magomeni, ingawa baina yao ni mwendo wa miguu. Barua zao zilipaswa kuvuka bahari mbili, kwenda na kurudi. Ambapo tovuti iko ndani ya nchi, na makampuni ya simu yanabadilishana mawasiliano papa hapa kupitia kituo cha TIX, mkongo wa bahari ukikatika mwananchi bado ana njia ya kuifikia.

Hoja ya kuhifadhi nyumbani, basi, ina nguvu, na inaongezewa nguvu na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ambayo imeweka masharti juu ya taarifa za watu zinazopelekwa nje ya nchi. Taifa linacho Kituo cha Taifa cha Kuhifadhi Data jijini Dar es Salaam, chini ya TTCL, na makampuni binafsi nayo yamejenga. Lakini uzalendo haupozi seva. Seva iliyo nyumbani katika nyumba mbovu haimfai mwananchi kuliko ile iliyo ng'ambo katika nyumba nzuri, na wanaotetea hoja ya nyumbani ndio wanaopaswa kuwa wakali kuliko wote katika kukagua nyumba hizo.

Ukaguzi uanzie kwenye umeme. Umeme wa gridi unapokatika, betri hushika mzigo papo hapo, nazo kwa kawaida hudumu dakika chache tu. Katika dakika hizo jenereta lazima iwake, ishike mwendo, na ipokee mzigo wote, ikiwa ni pamoja na mitambo ya kupoza hewa, maana katika joto la Dar es Salaam chumba cha seva kisichopozwa hugeuka tanuri, na mashine huanza kujizima zenyewe ili zisiungue. Kila kiungo katika mnyororo huo ni mahali pa kukatikia. Betri ndogo ya kuwashia jenereta imekufa. Dizeli imekaa miaka miwili ikaingia maji. Swichi ya kuhamisha mzigo haijaguswa tangu siku ya uzinduzi. Chumvi ya hewa ya pwani nayo hailali, hula nyaya na mapezi ya mitambo ya kupozea mwaka hata mwaka.

Nchi jirani ya Kenya ililiona jambo hilo hadharani. Agosti 25, 2023, umeme ulikatika karibu nchi nzima, na katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta jenereta iliyohudumia sehemu ya majengo haikuwaka. Abiria walisimama gizani. Jenereta ilikuwapo, ilikuwa imenunuliwa, na bila shaka ilikuwa imeandikwa katika daftari la mali. Kitu ambacho hakikuwapo ni kuwaka.

Kwa sababu hiyo vyeti navyo visomwe kwa makini. Shirika la Uptime Institute la Marekani limepanga vituo vya data katika ngazi nne. Kituo cha ngazi ya tatu ni kile ambacho kila sehemu yake inaweza kutolewa na kutengenezwa bila kuzima huduma; cha ngazi ya nne huhimili hata hitilafu isiyotarajiwa. Lakini shirika hilo hutoa cheti kimoja kwa michoro, cheti kingine kwa jengo lililokwisha kujengwa na kujaribiwa, na cha tatu kwa uendeshaji wake. Mwenye cheti cha michoro anaweza kukitundika ukutani na kusema kweli kwamba ana cheti, na mteja asiyejua kuuliza akaondoka ameridhika.

Hata asilimia zinazotangazwa zina ujanja wake. Mwaka una saa 8,760. Anayeahidi asilimia 99 anaomba ruhusa ya kuzima kwa saa 87 na zaidi, yaani zaidi ya siku tatu na nusu. Anayeahidi 99.9 anaomba saa 8 na dakika 45. Ahadi ya 99.982, ambayo huambatanishwa na ngazi ya tatu, ni takriban saa moja na dakika 35 kwa mwaka. Na mikataba mingi hufidia muda uliopotea kwa kupunguza ada ya mwezi, basi. Hospitali iliyokosa faili za wagonjwa kutwa nzima hurudishiwa sehemu ndogo ya ada. Anayetia sahihi mkataba wa namna hiyo kwa niaba ya umma anapaswa kuwa ameisoma hesabu hiyo kabla ya kushika kalamu.

Tatizo kubwa liko katika zabuni. Zabuni huuliza ukubwa wa diski, kasi na bei, na bei ndiyo inayoshinda. Ni nadra kuuliza nakala ya akiba iko mji gani, au ni lini mara ya mwisho nakala hiyo ilirudishwa ikafunguka. Nakala ambayo haijapata kujaribiwa ni tumaini tu. Nakala ya Dar es Salaam iwekwe Dodoma, Arusha au Zanzibar, popote ambapo moto mmoja, mafuriko mamoja, au koleo moja la mchimba mtaro haliwezi kufika kote kuwili. Na fungu la dizeli na la mafundi liwekwe katika bajeti ya kila mwaka, lisiachwe kutegemea fedha za mradi, ambazo huisha mara utepe unapokatwa.

Lipo jaribio moja lisilohitaji mtaalamu kutoka ng'ambo. Mkuu wa idara afike kituoni siku ya kazi, saa 5 asubuhi, bila kutangaza tarehe kwa wahudumu wa zamu, aombe swichi kuu ya umeme wa gridi ishushwe, kisha akae na saa yake mkononi kwa saa nne. Msimamizi wa kituo kilicho imara atamletea kiti. Yule atakayeanza kueleza kwamba siku hiyo si nzuri, kwamba wateja ni wengi na fundi wa jenereta yuko safarini, naye atakuwa amekwisha kujibu.