Kandanda na Elimu Viende Sanjari

Msimu wa 2017/2018, klabu ya Njombe Mji ilipocheza Ligi Kuu ya Tanzania katika uwanja wa Sabasaba kabla ya kushuka daraja, vijana wa Njombe na Makambako walipata yakini kwamba kandanda ni riziki halali. Lakini aghalabu kijana hodari aliyeng'ara katika UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, hulazimika kuchagua baina ya klabu na chuo, ilhali huko Kanada, tangu 2018, klabu za ligi kuu huteua wachezaji kutoka vyuo vikuu, nao huruhusiwa kurejea kuchezea vyuo vyao wakiendelea na masomo.

Utaratibu huo una insafu, kwa kuwa goti likiumia, shahada husalia. Twawasihi viongozi wa shirikisho la soka nchini (TFF), wa vyuo na wa halmashauri zetu wafikie mwafaka wa namna hiyo, na wazazi wasimnyime mtoto mpira wala kitabu.