Kuimwagia almasi mwanga tu hakutoshi
Mwandishi wa makala ya mesa, umepita mbio penye utamu. Mesa, binamu wa leza, hukuza mawimbi ya redio bila kuongeza kelele nyingi. Sisi mafundi redio wa Kapsoit tunajua thamani ya hilo: mvua ikipiga mabati na redio ikikoroma, ukiongeza sauti makoromo nayo yanapanda. Mesa ya almasi ya Imperial College, 2018, ilifanya kazi mfululizo bila kugandishwa. Lakini leza ya kijani inayoipa nguvu ikizidi, almasi hupata moto na elektroni zake hupoteza upesi mpangilio zilioupata. Ili kupunguza mwanga huo, mimi ningeanza na kikopo cha shaba chenye pete ya yakuti samawi ambamo almasi hukaa: kikihifadhi wimbi kwa muda zaidi, mwanga kidogo unatosha. Na almasi yenyewe ni ya maabara jamani, si ya kuchimbwa mgodini Mwadui.