Mfungo na Mifupa ya Wanawake Wazee

Desturi ya kula ndani ya saa 8 na kukaa na njaa saa 16 zilizobaki imeenea, na wanawake waliopita umri wa miaka 50 nao huifuata ili kupunguza unene. Mizani husifiwa, mifupa husahauliwa.

Mfupa ni kitu hai. Seli fulani huubomoa, nyingine huujenga upya. Mwanamke akomapo hedhi, homoni ya estrojeni hupungua, na ubomoaji hushinda ujenzi. Akikonda, mifupa hupungukiwa pia na uzito unaoizoeza kazi. Hivyo hasara huongezeka juu ya hasara.

Hata hivyo, mfungo wenyewe haustahili kulaumiwa kabla ya kutazamwa sahani. Mwanamke wa umri huo huhitaji kalsiamu kiasi cha miligramu 1,200 kwa siku, na utumbo huifyonza vyema zaidi ikija kwa mafungu yasiyozidi miligramu 500. Mlo mmoja mkubwa, basi, hautoshi. Afungaye Ramadhani anayo futari, chakula cha usiku na daku: mafungu matatu, iwapo yatakuwa na maziwa, kunde, na dagaa waliwao pamoja na mifupa yao. Chai na tambi hazijengi mfupa.

Dini yenyewe imemruhusu mzee asiyejiweza kula mchana. Itakuwa ajabu mitindo ya kukonda ikimnyima ruhusa hiyo. Anayetaka kupunguza unene uzeeni na apunguze polepole, atembee kila siku, wala asipunguze chakula kinachojenga mwili.